Samani za chuma za oda

Samani za chuma za oda (pia: *fanicha za chuma za oda*) ni meza, viti, vitanda, rafu, makabati na vifaa vingine vinavyobuniwa na kutengenezwa kwa feleji kufuatana na mahitaji ya mteja mmoja. Hutofautiana na samani za kiwandani, ambazo hutengenezwa kwa vipimo vilevile kwa wanunuzi wengi wasiojulikana. Katika kazi ya oda mtumiaji anajulikana kabla chuma hakijakatwa: kimo chake, chumba chake, mlango ambao kitu kitapitia na uzito kitakaobeba.

Kiti cha kiwandani kisichomfaa mnunuzi mmoja kinaweza kuuzwa kwa mwingine. Kitanda kilichotengenezwa kikae kati ya kuta mbili za chumba fulani, kikizidi kwa sentimita moja, hakiingii mahali pake na si rahisi kupata mtu mwingine wa kukinunua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huu ni kuuliza, kupima na kuchora. Kuchomelea huja baadaye.

## Jina

Katika lugha ya kila siku watu husema "chuma" kwa nyenzo ambayo kitaalamu ni feleji, yaani aloi ya chuma na kiasi kidogo cha kaboni. Feleji ya kawaida ya samani ina kaboni isiyozidi takriban asilimia 0.25. Kiasi hicho kidogo huifanya iwe rahisi kukata, kukunja na kuchomelea.

Neno "oda" hutumiwa na mafundi na wateja kwa kitu kinachotengenezwa baada ya mtu kukiomba. Halina maana ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nchi za nje.

## Historia

Uhunzi ni wa zamani sana katika Afrika Mashariki. Katika eneo la Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Lakini kwa karne nyingi chuma kilikuwa ghali, na wahunzi walikitumia hasa kwa majembe, mashoka, visu na mikuki. Vitanda na viti vilitengenezwa kwa mbao na kamba.

Hali ilibadilika viwanda vilipoanza kutoa chuma kwa wingi katika karne ya 19. Vitanda vya chuma vilienea katika hospitali, kambi na shule za bweni za Ulaya, kwa sababu vilisafishika kwa urahisi na havikuwapa kunguni nyufa nyingi za kujificha kama mbao. Mnamo miaka ya 1880 ndugu Mannesmann wa Ujerumani walibuni njia ya kutengeneza mabomba ya feleji yasiyo na mshono. Mabomba ya namna hiyo, mepesi na yenye nguvu, yaliwafungulia njia waliobuni samani za karne ya 20.

Mwaka 1925 Marcel Breuer, mwalimu katika shule ya Bauhaus mjini Dessau, alibuni kiti cha mabomba ya feleji yaliyokunjwa. Wazo hilo alilipata kwa kutazama usukani wa baiskeli yake. Mwaka 1926 Mart Stam wa Uholanzi alijaribu kiti kisicho na miguu ya nyuma kwa kutumia mabomba ya gesi. Mwaka 1929 Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich walibuni kiti cha Barcelona kwa ajili ya banda la Ujerumani katika maonyesho ya mji huo. Kiti hicho kilibuniwa kwa jengo moja, na baadaye kikawa bidhaa inayouzwa duniani kote.

Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, alibuni samani kwa nyumba aliyojenga kusini mwa Ufaransa kati ya 1926 na 1929. Meza yake ndogo ya duara ina nguzo moja pembeni, na kitako chake huingia chini ya kitanda, hivyo mtu anaweza kula akiwa amekaa kitandani. Kimo cha meza hurekebishwa kwa pini. Ni mfano wa samani iliyoanza na swali la mtumiaji: mtu aliye kitandani ataifikiaje sahani yake?

Jean Prouvé wa Ufaransa alijifunza uhunzi kabla ya kufungua karakana yake mjini Nancy mwaka 1924. Katika kiti alichobuni mwaka 1934, miguu ya mbele ni mabomba membamba, lakini ya nyuma ni mabamba ya feleji yaliyokunjwa yakawa mapana na yenye uwazi ndani. Alifanya hivyo kwa sababu mtu anapokaa na kuegemea, sehemu kubwa ya uzito huenda nyuma. Umbo la kiti linaonyesha mahali nguvu zinapopita.

Kuchomelea kwa umeme kulianza kuendelezwa katika miaka ya 1880, na mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi alibuni elektrodi yenye gamba. Mashine ndogo za kuchomelea zilipoenea, karakana ya mtu mmoja iliweza kuunganisha chuma kwa uimara bila tanuri wala riveti.

## Malighafi

Fundi wa samani hutumia hasa:

* Mabomba ya mraba na ya mstatili, kwa miguu na viunzi. Kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6.
* Mabomba ya duara, kwa viti, reli na sehemu zinazokunjwa.
* Chuma cha pembe, chenye umbo la herufi L, kwa rafu na mahali pa kulalia mbao za kitanda.
* Chuma bapa na nondo, kwa mapambo, vishikizo na viunganishi.
* Mabamba, kwa makabati, milango na vitako.

Uzito wa malighafi huweza kukokotolewa kabla ya kununua, kwa kuwa feleji ina uzito wa karibu kilogramu 7,850 kwa kila mita ya ujazo. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa takriban kilogramu 1.8 kwa kila mita. Mnunuzi anayejua hesabu hii anaweza kutambua bomba lililopunguzwa unene: nje linafanana na lingine, lakini likiwekwa kwenye mizani ni jepesi.

Feleji isiyoshika kutu ina kromi isiyopungua asilimia 10.5. Ni ghali na huhitaji uangalifu zaidi katika kuchomelea, lakini hufaa jikoni, hospitalini na karibu na bahari.

## Usanifu

### Mazungumzo na mteja

Wateja wengi hufika na picha. Picha huonyesha sura, lakini haitaji vipimo, uzito wala mahali pa matumizi. Fundi mzuri huuliza nani atakitumia kitu hicho na kwa kazi gani. Kitakaa ndani au nje. Sakafu ni tambarare au ina mwinamo. Je, mteja ana watoto wadogo, mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Na kitaingilia wapi.

Swali la mwisho husahaulika mara nyingi. Kitanda cha upana wa sentimita 180 kilichochomelewa chote kuwa kipande kimoja hakiwezi kupita kwenye ngazi nyembamba yenye kona. Kwa hiyo vitanda vikubwa hutengenezwa kwa sehemu tatu au nne, yaani kichwa, miguuni na mbavu mbili, zinazofungwa kwa bolti na nati chumbani.

### Futi na sentimita

Katika Afrika Mashariki magodoro huuzwa kwa futi, kama vile 4 kwa 6 au 6 kwa 6, huku michoro mingi ikitumia sentimita. Futi moja ni sentimita 30.48. Anayehesabu kila futi kuwa sentimita 30 atapata sentimita 180 kwa futi 6, wakati urefu kamili ni sentimita 182.88. Tofauti ya karibu sentimita 3 inatosha kulizuia godoro lisilale ndani ya kitanda. Njia ya usalama ni kupima godoro lenyewe la mteja, kisha kuongeza sentimita 1 au 2 za nafasi.

### Vipimo vya mwili

Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani, meza ya chakula huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 76 na kiti cha sentimita 43 hadi 46. Nafasi kati ya kikalio na uso wa meza huwa sentimita 27 hadi 30. Kila mtu mezani huhitaji upana wa karibu sentimita 60. Vipimo hivi ni mahali pa kuanzia tu. Faida ya kazi ya oda ni kwamba mtu mrefu au mfupi kuliko kawaida anaweza kupimwa mwenyewe, akiwa amekaa na nyayo zake zikigusa sakafu.

### Uimara na kupinda

Samani ya chuma huvunjika mara chache. Kasoro inayoonekana zaidi ni kupinda au kuyumba. Mzigo uleule ukiwekwa katikati ya mhimili ulioegemezwa ncha zote mbili, kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu: urefu ukiongezwa mara 2, kupinda huongezeka mara 8. Ndiyo maana rafu ndefu ya vitabu huhitaji mguu wa katikati hata kama rafu fupi ya bomba hilohilo ni imara.

Namna ya kulaza bomba pia ni muhimu. Bomba la milimita 50 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5, likisimamishwa kwa upande wake mrefu, huzuia kupinda karibu mara 3 zaidi ya likilazwa. Fundi hupata nguvu hiyo bila kununua chuma zaidi.

Kuyumba kwa upande huzuiwa kwa pembetatu. Umbo la mstatili lenye viungo dhaifu huweza kulala kuwa msambamba, lakini pembetatu haiwezi kubadilika umbo bila upande mmoja kurefuka au kufupika. Kipande kidogo cha mshazari kwenye kona, au bamba dogo la pembetatu, hutosha kwa meza na rafu nyingi.

## Mfano: meza ya watu 6

Mteja anahitaji meza yenye uso wa mbao za mninga wa sentimita 180 kwa 90, unene wa sentimita 3 na kimo cha sentimita 75. Kiunzi kitatengenezwa kwa bomba la mraba la milimita 40.

Uso wa mbao utatokeza sentimita 6 kila upande, hivyo kiunzi kitakuwa na sentimita 168 kwa 78 kwa nje. Miguu itasimama kwenye kona na kufika hadi chini ya mbao. Kimo cha mguu ni 75 kutoa 3 za mbao na 1 ya kitako cha mpira, yaani sentimita 71. Mihimili inayounganisha miguu itapungua unene wa miguu miwili, yaani sentimita 8: miwili mirefu ya sentimita 160 na miwili mifupi ya sentimita 70. Mhimili mwingine wa sentimita 70 utakaa katikati kubeba mbao.

Jumla ya bomba ni mita 8.14, yaani karibu kilogramu 15. Mabomba 2 ya mita 6 yanatosha:

* Bomba la kwanza: mihimili 2 ya sentimita 160 na 3 ya sentimita 70, jumla mita 5.30.
* Bomba la pili: miguu 4 ya sentimita 71, jumla mita 2.84.

Katika bomba la kwanza zimebaki sentimita 70, lakini mguu wa tano usingepatikana hapo: unahitaji 71, na kila mkato wa grenda hula milimita 1 hadi 3. Orodha ya mikato huandikwa kabla ya kwenda dukani kwa sababu hii. Kipande cha zaidi ya mita 3 kilichobaki kwenye bomba la pili kinaweza kutumika kwa kazi nyingine, na ni haki ya mteja aliyenunua chuma kujua kimebaki.

Sasa nafasi ya mapaja. Kimo cha 75, kutoa 3 za mbao na 4 za mhimili, kinaacha sentimita 68 kutoka sakafuni. Kwa kiti cha kimo cha sentimita 45, nafasi ya sentimita 23 inatosha. Lakini tuseme mmoja wa walaji anatumia kiti cha magurudumu. Mwongozo wa Marekani kuhusu majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu unataka nafasi ya magoti isiyopungua inchi 27, yaani karibu sentimita 68.6. Meza hii imepungukiwa na milimita 6. Tiba ni rahisi ikiwa bado iko kwenye karatasi: miguu iongezwe sentimita 1, au upande huo utumie mhimili wa kimo cha milimita 25. Baada ya kuchomelea na kupaka rangi, mabadiliko hayohayo yanamaanisha kukata na kuanza upya.

## Utengenezaji

### Kukata na kupanga

Vipande hukatwa kwa msumeno wa chuma, mashine ya kukatia au grenda, kisha kingo husafishwa kwa tupa. Vipande vinavyotakiwa kuwa sawa, kama miguu minne, hulinganishwa kwa kusimamishwa pamoja, si kwa kupimwa kimoja kimoja, ili kosa dogo la kipimo lisirudiwe.

Kiunzi hupangwa juu ya meza tambarare na kubanwa. Pembe mraba hukaguliwa kwa skwea, halafu kwa kupima kutoka kona hadi kona ya mkabala. Mishazari yote miwili ikilingana, mstatili umenyooka. Kwa kiunzi cha meza iliyoelezwa hapo juu, kila mshazari lazima uwe takriban sentimita 185.2. Asiye na skwea kubwa anaweza kutumia kanuni ya Pythagoras: pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 ina pembe mraba.

### Kuchomelea

Kwanza viungo hushikizwa kwa nukta ndogo tu. Vipimo hukaguliwa tena, kwa kuwa nukta bado zinaweza kukatwa kwa urahisi. Baada ya hapo ndipo kuchomelea kamili hufanyika.

Chuma kilichoyeyuka hupoa na kusinyaa, na kinaposinyaa huvuta vipande upande wake. Fundi akimaliza upande mmoja wote kabla ya mwingine, miguu huinama kuelekea upande huo. Kwa hiyo huchomelea kwa vipande vifupi, akihama kutoka kona moja hadi ya mkabala na kuacha kazi ipoe.

Bomba jembamba pia hutoboka kwa urahisi. Kwa elektrodi ya milimita 2.5 umeme wa takriban ampea 60 hadi 90 hutumika, na kwa bomba la milimita 1.5 fundi hubaki kwenye kiwango cha chini. Karakana nyingine hutumia mashine ya waya inayolindwa na gesi, ambayo ni rahisi zaidi kwa mabomba membamba.

Mshono uliosagwa hadi ukawa laini unapendeza, lakini kusaga sana hupunguza chuma kilichoshika kiungo. Mteja hawezi kuona udhaifu huo chini ya rangi. Ni moja ya mambo yanayotegemea uaminifu wa fundi.

### Kuunganisha mbao

Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kulingana na unyevu wa hewa, ilhali feleji haibadiliki kwa unyevu. Uso wa mbao ukifungwa kwa skrubu zisizo na nafasi ya kusogea, unaweza kupasuka. Matundu kwenye kiunzi hutobolewa yakawa marefu kidogo, ili skrubu zisogee pamoja na mbao.

## Kutu na umaliziaji

Kutu hutokea chuma kinapokutana na oksijeni na maji. Chumvi huharakisha kutu, hivyo samani za Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huhitaji kinga zaidi kuliko zile za Dodoma au Nakuru.

Njia za kawaida za umaliziaji ni hizi:

* Rangi ya mafuta juu ya rangi ya msingi inayozuia kutu. Ni nafuu, na mteja anaweza kuirudishia mwenyewe.
* Rangi ya unga, inayorushwa kwa umeme na kuokwa kwenye joto la takriban sentigredi 180 hadi 200. Ni ngumu na laini, lakini samani lazima itoshee ndani ya tanuri.
* Kuchovya katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la karibu sentigredi 450. Hufaa vitu vya nje. Mabomba lazima yatobolewe matundu ya kupitishia hewa, kwani unyevu ulionaswa ndani hugeuka mvuke na unaweza kulipua kazi.

Kwa njia yoyote, rangi haishiki juu ya kutu, mafuta au takataka za kuchomelea. Kusafisha kwa brashi ya waya na msasa ndiko kunakoamua kama rangi itadumu. Kutu huanza mara nyingi chini ya miguu na ndani ya mabomba yaliyo wazi, ambako maji ya kudeki hufika. Kuziba ncha na kuweka vitako vya mpira ni kinga ya bei ndogo.

## Vitanda vya ghorofa

Vitanda vya ghorofa vya chuma hutengenezwa sana kwa ajili ya shule za bweni, hosteli na nyumba zenye watoto wengi. Ndiyo samani ambayo kosa la usanifu linaweza kuua. Hatari kuu ni mbili: kuanguka kutoka juu, na kichwa cha mtoto kunaswa baada ya mwili wake kupita kwenye upenyo.

Kanuni za Marekani zinataka kingo za kitanda cha juu ziwe angalau inchi 5 (sentimita 12.7) juu ya godoro, na nyufa zilizo chini ya kingo zisipitishe kipimo cha inchi 3.5 (sentimita 8.9). Pia huonya kwamba watoto walio chini ya miaka 6 wasilale juu. Kimo cha kingo hupimwa kutoka juu ya godoro, si kutoka kwenye chuma. Mteja akibadilisha godoro la inchi 4 kwa la inchi 8, kingo zilizokuwa salama huwa fupi. Kwa hiyo unene wa juu kabisa wa godoro unapaswa kuandikwa kwenye makubaliano, na ikiwezekana kwenye kitanda chenyewe.

Mbao au vyuma vinavyobeba godoro la juu vinapaswa kufungwa, visilale tu juu ya chuma cha pembe, kwa kuwa mbavu zikitanuka kidogo mbao huanguka juu ya aliye chini.

## Afya na usalama wa fundi

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza macho na ngozi. Maumivu ya macho, kama ya mchanga uliomwagwa ndani, huja saa kadhaa baadaye. Miwani ya jua haitoshi; inahitajika ngao ya uso yenye kioo maalumu. Watoto na wapita njia nao wanapaswa kukingwa kwa pazia, hasa katika karakana za kando ya barabara.

Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliamua kuuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa chuma kilichopakwa zinki huleta pia homa na baridi kali saa chache baada ya kazi, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Homa hiyo hupungua kwa siku moja au mbili. Zinki inapaswa kusagwa mahali pa kiungo kabla ya kuchomelea, na kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha.

Diski ya grenda ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ikivunjika bila kifuniko chake, vipande huruka kwa kasi ya kuua. Cheche nazo zinaweza kuwasha sponji na vitambaa, kwa hiyo kazi ya magodoro na ya kuchomelea havipaswi kufanyika chumba kimoja.

## Bei na makubaliano

Bei hujumlisha malighafi pamoja na vipande vinavyopotea, elektrodi, diski, rangi, umeme, usafiri, muda wa fundi na faida. Fundi anayetaja bei kwa kutazama picha tu huweza kusahau rangi au usafiri, kisha akalazimika kutumia bomba jembamba ili asipate hasara.

Kwa kawaida mteja hulipa malipo ya awali yanayotosha kununua malighafi. Hapo pande zote mbili zinabeba hatari: mteja ametoa fedha bila kupata kitu, na fundi atabaki na kitu kisichomfaa mwingine ikiwa mteja hatarudi. Mchoro wenye vipimo, hata wa mkono, uliotiwa saini na wote wawili, hupunguza ugomvi. Unapaswa kutaja aina na unene wa bomba, rangi, tarehe ya kukabidhi, nani atasafirisha, na kwamba badiliko lolote baada ya kukata lina gharama yake.

## Katika Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na mafundi wa karakana ndogo. Nchini Kenya huitwa *jua kali*, kwa kuwa wengi walifanya kazi nje bila paa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ilisaidia kueneza wazo la "sekta isiyo rasmi", ikionyesha kwamba kazi za namna hiyo zina tija na zinastahili kusaidiwa. Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe jijini Kampala ni maeneo yanayojulikana kwa kazi za vyuma. Nchini Tanzania Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianzishwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA hufundisha uchomeleaji na uundaji wa vyuma.

Vijana wengi hujifunza kwa kukaa na fundi: kwanza kusafisha na kupaka rangi, kisha kukata, halafu kushikiza, na mwisho kuchomelea. Kupima nyumbani kwa mteja na kuchora mara nyingi hubaki mikononi mwa fundi mkuu. Anayejifunza kuchomelea bila kujifunza kupima hupata kazi ya kuajiriwa, lakini huwa vigumu kwake kupokea oda zake mwenyewe.

## Tazama pia

* Feleji
* Kutu
* Mhunzi
* Samani
* Uchomeleaji